Shajara ya kukibadilisha chama cha madaktari wa tiba jumuishi: Januari 2024 hadi Juni 2025

Ninaiandika shajara hii kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa chama cha kitaaluma kilichokaa miaka mingi bila kuguswa, hasa chama kama chetu: madaktari wenye leseni ya hospitali ambao pia hutumia akupancha, mitishamba, lishe na mazoezi ya kutuliza mwili na akili. Hatua za kawaida nimezipitia juujuu. Pale tulipoteleza nimekaa kwa kirefu, kwa sababu ndipo mwenzangu atakapookoa muda wake. Gharama nimezitaja kwa saa za kazi, kwa sehemu ya bajeti na kwa wanachama tuliowapoteza.

9 Januari 2024: Tulichokikuta

Makabidhiano yamekwisha. Daftari la wanachama lina majina 214, lakini waliolipa ada ya mwaka ni 131. Kamati tendaji ina watu walewale kwa miaka kumi na mmoja, si kwa hila, ila katiba haisemi mtu akae muda gani. Nusu ya mapato yetu hutoka kwa kampuni tatu zinazouza virutubisho. Ndizo zinazolipia mkutano wa kisayansi wa kila mwaka, na kwa malipo hayo hupewa nafasi ya kuzungumza jukwaani. Hatuna njia yoyote ya kupokea taarifa za wagonjwa waliodhurika na dawa tulizowapa. Na jina letu bado limebeba maneno "tiba mbadala".

Hilo la jina wengi wanaliona dogo. Mimi silioni hivyo. Mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine, na sisi hatumwambii mgonjwa aache hospitali. Marekani, kituo cha serikali kinachofanya utafiti wa tiba hizi kililiondoa neno "mbadala" kwenye jina lake Desemba 2014 na kuweka "jumuishi". Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa saratani ambazo hazijasambaa mwilini: kwa waliochagua tiba mbadala peke yake, hatari ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya ile ya wenzao waliopata tiba ya kawaida. Nikisoma takwimu kama hiyo kisha nikiangalia bango letu ukumbini, moyo hunisononeka.

Kwa hiyo nina mambo manne ya kubadilisha: jina, kutangaza maslahi ya kifedha pamoja na kuripoti madhara, ukomo wa uongozi, na kuwafungulia mlango wafamasia na wauguzi. Ninataka yote yapite mkutano mkuu wa Machi.

12 Februari 2024: Rasimu imekamilika

Tumeandika katiba mpya tukiwa watatu pamoja na wakili. Wiki tano, saa 60 hivi za kujitolea, na ada ya wakili imekula asilimia 8 ya bajeti ya mwaka. Ibara 23. Imetumwa kwa wanachama wote kwa barua pepe, mwezi mmoja na siku chache kabla ya mkutano kama katiba inavyotaka.

Majibu yaliyorudi ni sita, yote ya pongezi. Nimeyachukulia kuwa dalili njema.

16 Machi 2024: Kura imeshindwa

Waliohudhuria 72, akidi imetimia. Kura halali 70. Tulihitaji theluthi mbili, yaani 47. Tumepata 41.

Naandika usiku huuhuu kabla sijaanza kujipa sababu nzuri. Mambo yaliharibika kwenye ibara ya 14, iliyosema mwanachama asiyeripoti madhara ya dawa atachukuliwa hatua za kinidhamu. Alisimama mmoja wa waasisi wa chama, daktari aliyenifundisha mimi kupapasa mapigo ya mshipa nilipokuwa mwanafunzi. Alikuwa ameikunja ile karatasi mara nne. Akaikunjua, akaisoma, akaikunja tena.

"Mwenyekiti," alisema, "nimetibu miaka thelathini na minane. Ibara hii inataka nikiri nini? Kwamba nimekuwa nikiwadhuru watu?"

Nilitakiwa kujibu mimi. Nikawa natafuta maneno, na daktari kijana nyuma yake akaniwahi: "Mzee, takwimu ndizo zinazosema, si sisi." Upande mmoja wa ukumbi ukapiga makofi. Upande wa pili ukanyamaza kimya cha watu waliotukanwa. Kuanzia hapo hakuna aliyejadili ibara yoyote. Kila aliyesimama alikuwa anasimama na upande wake, na kura ikapigwa hivyohivyo.

30 Machi 2024: Hesabu ya hasara

Wanachama tisa wameandika barua za kujitoa. Mhazini amejiuzulu. Wanne kati ya hao tisa ni waasisi, na watatu ni vijana waliosema chama hakibadiliki. Kwa hiyo tumewaudhi wote, wanaotaka kubaki na wanaotaka kwenda.

Makosa ninayoyaona hadi sasa ni haya. La kwanza, nilifunga mambo manne kwa kamba moja. Mtu aliyekubali matatu na kukataa moja hakuwa na njia ila kukataa yote. Baada ya mkutano wanachama wasiopungua wanane wameniambia walikuwa hivyo hasa, na kura zilizopungua zilikuwa sita tu.

La pili, nilidhani ukimya ni ridhaa. Barua pepe 131, majibu sita. Ningejiuliza wale 125 wako wapi, ningejua kwamba bado hatujazungumza.

La tatu ndilo linaloniuma. Jambo la madhara ya dawa ni jambo la kumlinda mgonjwa, nami nililiandika kwa lugha ya adhabu. Nililichukua kutoka kwenye kanuni za nidhamu za chama kingine bila kufikiri litasikikaje masikioni mwa mtu mwenye miaka thelathini na minane ya kazi.

Kamati imekubali tusilete rasimu nyingine mwaka huu. Badala yake, tupige simu.

4 Mei 2024: Simu arobaini na safari moja

Tumegawana majina watu wanne, kila mmoja kumi. Simu zimechukua saa 31 zote kwa pamoja. Maswali yalikuwa matatu: nini kilikuleta kwenye chama, ni neno gani kwenye rasimu lililokushtua, na ni mgonjwa gani ambaye mpaka leo humwachi kumfikiria. La tatu liliongezwa na katibu wetu dakika za mwisho. Mengi ya maana yametoka humo.

Nilitarajia kusikia ubishi kuhusu ushahidi wa kisayansi. Haukuwepo. Karibu kila mtu anataka ushahidi. Waasisi wanaogopa kwamba katiba mpya itawafuta, kama vile chama kilianza siku niliyochaguliwa. Vijana wanaogopa wenzao wa hospitali, wale wanaowatazama kwa jicho la dharau wakisikia neno mitishamba. Na wengi, wazee kwa vijana, wanauza dawa kwenye kliniki zao wenyewe na hawajui kutangaza maslahi kutawafanyia nini mbele ya wagonjwa.

Mwalimu wangu sikumpigia simu. Nilikwenda nyumbani kwake, bila karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kama mwenyekiti au kama mwanafunzi wangu?"

Nikamwambia nimekuja kama mwanafunzi. Tukakaa muda mrefu tukizungumza mengine. Nilipomuuliza swali la tatu, aliinuka akaingia ndani, akarudi na madaftari ya shule yaliyofungwa kwa mpira. Yalikuwa saba. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, umri, dawa ya hospitali, mti, kilichotokea. Safu ya mwisho imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Alinifungulia ukurasa mmoja. Mwanamume mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, anatumia warfarini ili damu isigande. Anaanza kunywa chai ya mmea uitwao Hypericum perforatum kwa ajili ya huzuni. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilikuwa 2.6. Wiki tatu baadaye ni 1.4. Hospitali, isiyojua habari ya chai, inampandishia warfarini. Ndipo Mwalimu anagundua na kumwambia aiache chai mara moja. Kwa wino mwekundu: "Siku ya kumi. Damu puani, haikatiki. Kosa ni langu."

Anayetibu kwa njia zetu lazima alielewe hili vizuri. Mmea huo huvichochea vimeng'enya vya ini vinavyoivunja warfarini, kwa hiyo dawa hupungua nguvu. Ukiuacha, vimeng'enya hurudi hali yake kwa wiki moja au mbili, na kiasi cha warfarini kilichopandishwa kinageuka kuwa kikubwa mno. Hatari iko wakati wa kuanza, na iko tena wakati wa kuacha. Mmea huohuo umewahi kushusha siklosporini, dawa ya kuuzuia mwili usikatae kiungo, kwenye damu ya watu waliopandikizwa viungo, miili yao ikaanza kuvikataa viungo hivyo. Taarifa hizo zimechapishwa tangu mwaka 2000. Lakini Mwalimu alikuwa ameyaona mwenyewe, kwa macho yake, na kuyaandika.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kumweleza mtu.

"Ningemwambia nani? Hospitali wangenicheka. Na chamani nilikuwa mwasisi. Mwasisi hasimami akasema nimekosea."

Niliondoka pale saa tatu usiku. Nimekaa na chama hiki miaka mingi nikiamini kwamba hatuna kumbukumbu za madhara kwa sababu watu hawajali. Kumbe kumbukumbu zipo, zimefungwa kwa mpira, kwa kuwa hatukuwahi kumpa mtu mahali salama pa kuziweka. Tangu jioni ile, kazi yangu nimeiona kwa sura nyingine.

22 Juni 2024: Kikao cha kesi, cha kwanza na cha pili

Wazo: kila mwezi mwanachama mmoja alete kesi iliyokwenda mrama, tuijadili. Hakuna katiba, hakuna kura.

Cha kwanza (Mei 25) kilikuwa kibaya. Daktari aliyejitolea alieleza mgonjwa aliyepata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vyenye chai ya kijani iliyokolezwa. Dakika ya tano tu maswali yakageuka mahojiano ya polisi. Kwa nini hukupima ini? Ulimuuzia wewe? Alimaliza sauti ikitetemeka na hakubaki kwa mazungumzo ya baadaye. Nilimpigia siku hiyohiyo kumwomba radhi. Amekubali kurudi, na ninamshukuru sana kwa hilo.

Cha pili (Juni 22) tulikibadilisha hivi. Mleta kesi ndiye anayeuliza maswali, na wengine ndio wanaojibu: wewe ungefanya nini hapa? Msimamizi si mwanachama. Tumemwalika mfamasia wa hospitali, na kwa kuwa hana upande, anaweza kumkatiza yeyote. Badala ya kubishana kama dawa ndiyo iliyosababisha au la, tunajaza pamoja maswali kumi ya kipimo cha Naranjo, kinachotumika tangu 1981: dalili zilianza baada ya dawa? zilipungua ilipoachwa? kuna sababu nyingine inayoweza kueleza? Alama zikijumlishwa, jibu linakuwa "hakika", "pengine", "yawezekana" au "shaka", na watu wanapumua.

Mwalimu alileta ule ukurasa wa warfarini. Alisoma hadi maneno ya mwisho, yale ya wino mwekundu. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha yule daktari kijana, yuleyule wa mkutano wa Machi, akaomba nafasi. Nilijikaza. Alisema, "Mwalimu, mimi nina mgonjwa kama huyo sasa hivi. Naomba unisaidie namna ya kumwachisha." Nusu saa nzima iliyobaki ilikwenda kwa mgonjwa huyo: ashushiwe mmea kidogokidogo, hospitali ijulishwe kwa barua, INR ipimwe mara ngapi kwa wiki.

Gharama ya vikao hivi: saa mbili kwa mwezi, pamoja na posho ndogo ya usafiri ya mfamasia.

17 Agosti 2024: Fomu ya madhara

Fomu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Wiki tano, taarifa mbili. Tumeipunguza hadi ukurasa mmoja wenye sehemu tisa, na wiki sita zilizofuata zimeleta taarifa kumi na moja.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye majina. Watu walijaza jina la mmea linalotumika mitaani, na taarifa tatu zenye jina moja zikaonekana zinahusu mimea miwili tofauti. Hapa niliwakumbusha wenzangu yaliyotokea Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu waliopewa vidonge vya kupunguza mwili walianza kuharibikiwa figo, kwa sababu mahali pa mzizi wa Stephania tetrandra ulikuwa umewekwa kimakosa wa Aristolochia fangchi, wenye sumu ya figo. Majina ya Kichina ya mizizi hiyo yanafanana. Zaidi ya watu mia moja walipata ugonjwa wa figo, na wengi wakaishia kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine. Kwa hiyo fomu sasa inadai jina la kisayansi, sehemu ya mmea iliyotumika (jani, mzizi, gome), namna ilivyotayarishwa, na namba ya toleo kama ni dawa ya kiwandani. Asiyejua jina la kisayansi anaambatisha picha, na mwanachama mmoja mwenye ujuzi wa mimea anasaidia kutambua.

Jina la daktari analiona mratibu mmoja tu, na kamati tendaji, nikiwemo mimi, hatulioni. Taarifa kisha zinakwenda kwenye kituo cha kitaifa cha usalama wa dawa, ambacho nacho hupeleka kwenye hifadhidata ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Uswidi. Hili liliwagusa wengi: ukurasa wako mmoja unakwenda kukaa na wa daktari wa upande wa pili wa dunia usiyemjua, na pengine hapo ndipo mtu atakapoona mwelekeo ambao hakuna mmoja wenu aliyeuona peke yake.

5 Oktoba 2024: Fedha

Sehemu hii nimeiahirisha mara mbili. Niliposhika kalamu kuandika kanuni ya kutangaza maslahi, nilitambua kwamba mimi mwenyewe nimewahi kulipwa kwa mihadhara mitatu na mojawapo ya kampuni zinazotudhamini. Sikuwahi kuitaja popote. Nimeandika tamko langu kwanza, nimetaja malipo hayo, na tamko limewekwa wazi kwa wanachama wote. Ndani ya wiki mbili wajumbe wote wa kamati wameweka yao. Kanuni kwa wanachama bado haijapigiwa kura, lakini kumi na tisa wamejaza bila kuombwa.

Kuhusu wadhamini, nilitaka tuwaache wote kwa mkupuo. Mhazini mpya alinionyesha hesabu: tungeishiwa miezi mitano baadaye. Tumeafikiana hivi: mdhamini mmoja asizidi asilimia 10 ya mapato, asichague mada wala msemaji, na meza yake ikae nje ya ukumbi. Kampuni mbili zimekubali, moja imejitoa. Mkutano wa kisayansi umepunguzwa kutoka siku tatu hadi moja na nusu.

Ili kuziba pengo tumepandisha ada kwa theluthi moja, na hapo tukarudia kosa la Februari: tangazo lilitoka kabla ya maelezo. Wanachama kumi na mmoja hawakulipa tena. Wiki iliyofuata tuliweka mapato na matumizi yote wazi, mstari kwa mstari, na sasa tunafanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Wawili wamerudi. Ningekuwa naanza upya, ningeonyesha hesabu kwa robo mbili nzima kabla ya kugusa ada.

30 Novemba 2024: Hoja nne, si rasimu moja

Mabadiliko yamegawanywa kuwa hoja nne, kila moja na kura yake na ukurasa wake. Zimejadiliwa kwenye vikundi vya watu wanane hadi kumi, vikundi kumi na viwili kwa jumla, na mwandishi wa hoja hakuruhusiwa kuwa msimamizi wa kikundi. Mimi nilikaa kwenye viwili tu nikisikiliza. Haikuwa rahisi kwangu kunyamaza.

Kilichobadilika kutokana na vikundi: ibara ya adhabu imeondoka kabisa. Sasa mwanachama anayeripoti kwa nia njema analindwa, na taarifa yake haiwezi kutumika dhidi yake ndani ya chama. Kuficha kwa makusudi mbele ya uchunguzi ni jambo jingine, nalo linabaki chini ya baraza la madaktari kama ilivyokuwa. Ukomo wa uongozi ni vipindi viwili vya miaka mitatu, na nusu ya kamati ndiyo inayotoka kwa wakati mmoja, ili ujuzi usitoke wote kwa siku moja. Kwenye jina, kikundi kimoja kilipendekeza mwaka wa kuanzishwa uandikwe chini ya jina jipya. Mstari mmoja tu, na waasisi watatu waliokuwa wanapinga wakaacha kupinga.

Saa zilizotumika kwenye vikundi: takriban 40 za wasimamizi. Wakili safari hii asilimia 2 ya bajeti, kwa sababu alipewa maandishi yaliyokwisha kukubaliwa.

15 Machi 2025: Kura ya pili

Wanachama hai 128, waliohudhuria 88.

Jina: 71 kati ya kura 86. Limepita. Maslahi na taarifa za madhara: 66 kati ya 87. Limepita. Ukomo wa uongozi: 63 kati ya 87. Limepita. Kuwapokea wafamasia na wauguzi kama wanachama kamili: 49 kati ya 88, na tulihitaji 59. Limekataliwa.

Hoja ya pili ilisomwa na Mwalimu. Sikumwomba, aliomba mwenyewe kwa katibu. Hakutoa hotuba. Alisoma maandishi ya hoja, akaongeza kwamba madaftari yake saba yatanakiliwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu za chama baada ya kuondolewa majina ya wagonjwa, akaketi.

Hoja ya nne imeniuma, kwa sababu bila yule mfamasia vikao vya kesi vingekufa Juni. Lakini niliwasikia waliopinga. Wanaogopa kwamba chama cha madaktari kitakosa sauti ya kuwatetea madaktari mbele ya baraza lao, na hofu hiyo ina msingi. Kamati imewapa wafamasia na wauguzi nafasi ya washiriki wa vikao vya kesi, bila kura. Siileti tena hoja hiyo kabla ya miaka miwili.

7 Juni 2025: Hali ilivyo

Taarifa za madhara zilizopokelewa tangu Juni mwaka jana ni 43. Kati yake 26 zinahusu mmea au kirutubisho kilichotumika pamoja na dawa ya hospitali ambayo mgonjwa hakumtajia mmoja wa matabibu wake. Hizi ni taarifa za chama kimoja kidogo na sizitumii kudai chochote kuhusu kwingineko. Kwetu zimetosha kubadilisha jambo moja: kwenye fomu ya mgonjwa mpya tumeondoa swali "unatumia dawa nyingine?" na kuweka "tafadhali njoo na kila kitu unachokunywa, kula au kupaka, hata kama si dawa". Daktari mmoja ameniambia mgonjwa wake alimwaga mfuko mzima mezani, chupa na vifuko kumi na vinne. Miaka mitatu alikuwa akijibu "hapana".

Mwezi uliopita Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mkakati wa tiba asili wa 2025 hadi 2034, unaosisitiza ushahidi, usalama na kuziingiza tiba hizi kwenye mifumo ya afya pale zinapostahili. Tumeuweka kwenye ajenda ya Septemba. Waliojitoa mwaka jana, saba wameanzisha kikundi chao. Nimewaandikia kuwaalika kwenye vikao vya kesi bila kuwataka warudi chamani. Wawili wamekuja.

Ambalo bado halijakaa sawa ni mratibu wa fomu. Kazi yote iko mabegani mwa mtu mmoja anayejitolea, na mwezi wa Aprili aliugua na taarifa sita zikalala wiki tatu. Tunamfundisha msaidizi, na kiapo chake cha usiri kimesainiwa jana.

Kunakili madaftari kunaendelea. Manne yamekwisha. Mwandiko wa miaka ya mwanzo ni mgumu kusomeka, kwa hiyo yule daktari kijana huenda kwa Mwalimu kila Jumamosi asubuhi, Mwalimu anasoma kwa sauti na yeye anaandika. Kikao kijacho cha kesi ni Alhamisi. Wameomba nusu saa ya kwanza, wote wawili, kwa ajili ya ukurasa mmoja wa daftari la tano ambao wanasema hawakubaliani.